Iulize Bangili Jina la Mtoto

Wewe mama unayesoma haya na mwanao amevaa bangili, mwite akae karibu yako. Usimwambie kitu bado. Mwangalie tu.

Mimi wasiwasi wangu ulianzia kwenye maji. Mtungi naujaza asubuhi kabla sijaenda shambani kwenye pamba, nikirudi nausikia mtupu kata ikigonga chini. Nyumbani tuko wachache: mimi, mama mkwe wangu Bibi Minza, na mapacha wangu, Kulwa na Doto. Baba yao yuko malishoni na ng'ombe. Sasa maji anakunywa nani?

"Doto huyo," Kulwa akasema. "Jana alikunywa hata ya kusuuzia vyombo."

"Muongo!" Doto akajibu, na kata bado iko mdomoni.

Nikamshika mkono. Ule mkono ulikuwa mwepesi kama bua. Mtoto anakula ugali wake, anamalizia na wa mwenzake, halafu mkono mwepesi! Na bangili nyeupe ikapanda mpaka karibu na kiwiko. Hapo nikaibonyeza kama tulivyofundishwa.

"Mwangalizi, mtoto huyu ana nini?"

Ile sauti ya bangili wote mnaijua. Sauti ya mwanamke mpole, haipandi wala haishuki, utadhani haijawahi kuungua na mafuta.

"Mtoto huyu ana malaria ya vipindi. Leo ana dalili. Jana alikuwa mzima. Kesho atakuwa mzima. Dawa zake ziko tayari dirishani."

"Jana alikuwa anaumwa," nikasema. "Jana alilala chini ya ghala mchana kutwa."

"Kumbukumbu zinaonyesha jana alikuwa mzima."

Nikaitazama bangili ile kama unavyomtazama mtu aliyekuibia mchana kweupe huku anakusalimia. Mimi shule yangu ni darasa la saba, lakini mtoto wangu nimemwona kwa macho yangu akijikokota. Leo chombo kinaniambia sikuona?

Lakini nifanye nini? Siku hizi huendi zahanati ukasema mtoto anaumwa hiki na hiki. Nilipokuwa mdogo nilitobolewa kidole, nikalia, wakaitazama damu yangu. Sasa hakuna anayetobolewa. Bangili inasikiliza moyo, inapima joto, inaonja jasho, inajua umelala vipi. Inampelekea Mwangalizi, na Mwangalizi anaamua. Ukifika zahanati unapitisha mkono dirishani, dirisha linajua wewe ni nani, linadondosha dawa. Kuna nesi mmoja tu, Nesi Nkwimba, kazi yake kufuta vumbi kwenye dirisha na kutuambia tupange foleni.

Basi nikachukua vidonge, nikawapa. Nasema nikawapa kwa sababu Kulwa naye bangili yake ilikuwa inasema yaleyale: malaria ya vipindi. Kulwa yule anayepanda mapera na kufukuzana na mbwa! Kila akimeza, anatapika mlangoni.

"Mama, mimi siumwi," ananiambia.

"Bangili inasema unaumwa."

Jamani. Nilimwambia hivyo mwanangu.

*

Likaja la godoro. Hawa wanalala godoro moja na walishaacha kukojoa kitandani zamani. Ghafla asubuhi godoro limelowa chepechepe. Nikiuliza, huyu anamwangalia huyu. Godoro likilaliwa na wawili, mkojo hauna jina. Nikalianika juu ya uzio, nikarudi kulitazama, nikakuta sisimizi wamepanga mstari kutoka kwenye kichuguu mpaka upande ule anaolala Doto. Upande wa Kulwa hakuna hata mmoja.

Nikamwita mama mkwe.

"Mama, shikamoo. Njoo uone."

Bibi Minza akaja na fimbo yake, akainama, akaangalia muda mrefu. Na yeye ana bangili, bangili ya kijani wanayopewa wenye kisukari, kwa maana yeye alipimwa damu zamani kabla Mwangalizi hajaja. Dirisha linampa sindano zake.

"Sisimizi hawaendi bure," akasema, na uso wake ukabadilika. Halafu akakaza mdomo, akaondoka.

Kwa nini aondoke? Hapo, niseme ukweli, nikaanza kumshuku. Ni yeye anayewaogesha watoto kila asubuhi mimi nikiwa nimeshashika njia ya shamba. Anajifungia nao bafuni kwenye uzio wa mabua, anawanong'oneza, wanacheka, na wanatoka wamenyamaza. Ukiwauliza bibi kawaambia nini, Kulwa anasema, "Siri ya mapacha." Nikawaza mengi mabaya. Nikazishuku na bangili zenyewe: pengine hizo ndizo zinazomnyonya mtoto. Mbona kabla hazijaja alikuwa na mashavu?

Asubuhi moja sikwenda shambani. Nilijifanya naenda, nikazunguka nyuma ya zizi, nikarudi. Watoto walikuwa wameshaoga. Doto amekaa kivulini, anahema kwa nguvu, kifua kinapanda kama mtu aliyetoka kisimani na ndoo mbili, na hajatoka popote. Nikamwinamia. Mdomo wake ulinuka kama mapera yaliyoiva yakaoza. Mkononi alikuwa na bangili nyekundu.

Nikaifungua, nikamwambia, "Kaa bila hii, tuone." Karibu yetu alikuwa amefungwa mbuzi wetu mweusi. Sijui nini kilinituma. Hasira, nadhani. Nikamshika mguu wa mbele, nikamfunga bangili.

Ikasikiliza kidogo. Halafu ile sauti pole ikasema:

"Habari ya asubuhi, Kulwa. Joto lako ni nyuzi thelathini na tisa. Leo ni siku yako ya homa. Dawa zako za malaria ziko tayari."

Mbuzi akatafuna.

Nikakaa chini. Mambo mawili yakanijia kwa pamoja na sikujua nianze kuogopa lipi. La kwanza, mbuzi mzima kabisa, joto lake la kawaida ni hilo, ameambiwa ana malaria kwa sababu siku yake ya homa imefika. Kile chombo kilikuwa kimeacha kumwangalia mtu, kinaangalia ratiba yake tu. La pili ndilo lililonikausha mate. Bangili nimeivua mkononi mwa Doto. Kwa nini inamwita Kulwa?

"Mama!" nikaita. "Mama, njoo hapa!"

*

Bibi Minza hakuficha kitu. Hata hakujua kwamba kulikuwa na kitu cha kuficha.

"Nyekundu ni ya Kulwa, nyeupe ya Doto," akasema. "Siku ya kugawa wewe ulikuwa shambani, mimi ndiye niliyewapeleka. Nikawauliza wale vijana, mbona mapacha mnawapa rangi mbalimbali? Wanasema ili wasichanganywe. Nikasema haya. Lakini mwanangu, wewe umeolewa huku, unajua. Pacha hapewi kitu mwenzake asipewe. Ukimpa mmoja nyekundu, mwingine anaitamani, roho yake inasononeka, anaugua. Basi mimi kila asubuhi nawabadilishia. Leo wewe, kesho yeye. Wote wamevaa nyekundu, wote wamevaa nyeupe. Nimekosea nini?"

Kila asubuhi.

Jamani mama unayesoma, fikiria na mimi taratibu, nami nilifikiria taratibu pale chini. Doto mgonjwa kila siku. Kulwa mzima kila siku. Bangili nyekundu leo iko kwa mgonjwa, kesho iko kwa mzima. Nyeupe vilevile. Kwa Mwangalizi kuna watoto wawili wanaoumwa siku moja na kupona siku inayofuata, wanaumwa na kupona. Na ugonjwa wa namna hiyo yeye anaujua mmoja. Watoto wangu wawili wakawa wagonjwa nusu nusu, na ugonjwa wenyewe hauna mwenyewe.

"Mama," nikasema, "wewe unajua mdomo wa kisukari unanukaje?"

Akainama kwa Doto. Akainuka upesi.

"Mbebe," akasema. "Mbebe twende. Mimi niliona sisimizi nikajiambia haiwezekani, kisukari ni cha sisi wazee. Nikakaa kimya nisikuletee mkosi. Mbebe!"

*

Nesi Nkwimba alifunga mlango alipomwona Doto anavyohema. Alisogeza kiti akaziba lile tundu la ukutani sauti inamotokea. Kisha akatoa kabatini, chini ya magazeti, kimashine kidogo cha zamani na sindano ya kutobolea.

"Hii hamkuiona," akasema.

Doto hakulia hata alipotobolewa. Mtoto asiyelia sindano, mama, ogopa. Tone la damu likanyonywa. Kimashine kikawaza, halafu hakikuandika namba, kiliandika tu kwamba sukari imepita mahali kinapoishia kuhesabu.

"Siyo malaria," Nesi akasema taratibu. "Mama Kulwa, mwili wa huyu hautengenezi tena ile dawa yake ya ndani ya kuingiza sukari kwenye nyama. Sukari inabaki kwenye damu, inatoka na mkojo, inaburuta na maji. Ndiyo kiu. Ndiyo sisimizi. Mwili ukikosa sukari unakula mafuta yake wenyewe, unaacha sumu, ndiyo hiyo harufu na huko kuhema. Watoto wanapata. Si wazee tu. Anahitaji maji ya mshipa sasa hivi, na insulini kidogo kidogo."

"Mpe basi!"

"Maji ninayo. Insulini iko nyuma ya dirisha."

Akamvua Kulwa bangili nyeupe, ile halisi ya Doto, akamfunga Doto, akampitisha mkono. Tukasubiri.

"Doto hana kisukari," dirisha likasema. "Doto ana malaria ya vipindi. Sukari iliyoonekana ni kosa la kipimo. Leo ni siku yake ya nafuu. Asante kwa uvumilivu."

"Siku ya nafuu!" nikapiga lile dirisha na kiganja. "Mwangalie mtoto! Huna macho wewe?"

"Asante kwa uvumilivu."

Nesi akaandika ombi la marekebisho kwenye kioo cha ukutani. Jibu likaja palepale: ombi limepokelewa, bangili itajifunza upya mwili wa mtoto, itachukua msimu. Msimu! Gari la kwenda wilayani lilikuwa halijarudi bado, na huko nako dawa ziko nyuma ya dirisha kama hili.

Bibi Minza alikuwa amekaa kwenye benchi. Nilidhani analia. Kumbe alikuwa anavua bangili yake ya kijani. Ilikuwa imekaa pale miaka, ikabidi aitemee mate ipite kwenye kifundo.

"Mpe hii. Hii inajua sukari."

"Hapana, Bibi," Nesi akasema. "Bangili ya kijani ikivaliwa na mwili mwingine, Mwangalizi atajifunza mwili huo. Atadhani mtoto ndiye wewe. Kipimo chako kitapunguzwa kiwe cha mtoto. Wewe utakosa."

"Leo tu."

"Ikiwa leo tu."

Wakaniangalia mimi. Mimi niliyekuwa nimetoka kumfokea mama mkwe wangu njia nzima kwa kubadilisha bangili! Naambiwa nimponye mtoto kwa kosa lilelile lililotaka kumwua. Kama ni wewe ungefanyaje? Ungesema hapana? Usijibu upesi.

Nikachukua bangili, nikaizungushia uzi isimtoke, nikampitisha Doto mkono.

"Shikamoo, Bibi Minza," dirisha likamwambia mwanangu wa shule ya msingi. "Sukari yako imepanda sana leo. Pokea dawa yako."

Likafunguka. Nesi akavuta kidogo sana, mara akaongeza, mara akatoboa kidole tena, na maji yakishuka kwenye mpira. Kufikia alasiri Doto akafumbua macho akamtazama bibi yake.

"Bibi, na Kulwa naye apewe sindano?"

Tukacheka. Mimi nilicheka nikiwa nimeshika ukuta. Ila kile kicheko kilikatika nilipomwona Kulwa amekunja mkono wa gauni, anasubiri zamu yake. Insulini ikiingia kwa mzima inamshusha sukari mpaka anazimia, anaweza asiamke. Hawa tumewafundisha wenyewe kwamba kila kitu ni nusu kwa nusu.

"Hii haigawanywi," nikamwambia. "Umesikia? Hata bibi akikubembeleza. Kidole nitakutoboa kama mwenzio, mfanane. Sindano hapana."

Bibi Minza akaitikia kwa kichwa. Ndiyo maana tangu siku ile kila asubuhi kwa Nesi natoboa vidole viwili, kimoja cha mgonjwa, kimoja cha haki.

*

Leo tu haikuwa leo tu. Mnajua inavyokuwa. Ombi likaendelea "kupokelewa." Doto akaanza kunenepa, mashavu yakarudi, akarudi kumwita Kulwa muongo. Kila siku anapitisha mkono dirishani, kila siku anaamkiwa shikamoo, na dawa inatoka. Watoto wenzake wakaanza kumwita Bibi. Nami nikimuuliza mama mkwe, "Mama, wewe unajionaje?" ananijibu, "Sijambo tu, mwanangu. Sukari yangu ni ya uzee, inatembea na fimbo kama mimi. Ya mtoto inakimbia."

Ni neno zuri. Mimi nikalitilia shaka.

Nikaacha kumuuliza, nikaanza kumwangalia. Nikaona anaamka na kata. Nikaona kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu, amekifunika na kitambaa, anasema ni mwiba, na kitambaa kinabadilishwa lakini mwiba haupoi. Asubuhi moja nikaenda nyuma ya bafu lake la mabua. Sisimizi walikuwa wanaingia kwa mstari, wametulia kabisa, kama watu wanaokwenda mnadani.

Nikarudi ndani.

"Mama, toa mguu niuone."

"Wa nini?"

"Utoe."

Akautoa. Sikuandikii nilichoona.

"Ukisema," akaniambia, "wataichukua ile ya kijani. Mtoto atarudi kwenye malaria yake ya uongo. Mimi nimeshaona wajukuu. Acha."

"Na nisiposema?"

Akavuta khanga akafunika mguu.

Nilikaa na hilo siku kadhaa likinitafuna. Nikinyamaza namzika mama mkwe polepole kwa mkono wangu. Nikisema huenda namzika mwanangu upesi. Nikawaza nimwandikie mkubwa, lakini barua zote zinasomwa na nani? Na Mwangalizi. Na Mwangalizi atajibu nini? Ninyi mnajua.

Hapo mbuzi akalia zizini.

*

Siku ya ukaguzi afisa wa bangili alikuja kutoka mjini na koti lake safi. Foleni ilikuwa imezunguka zahanati, akina mama na watoto mikononi. Nilikuja na Bibi Minza amekaa kwenye baiskeli, Kulwa na Doto wanaisukuma kwa nyuma, na mimi nimeshika kamba ya mbuzi.

"Mama Kulwa, mnada uko kule!" mmoja akanitania.

"Huyu naye ana foleni yake," nikasema.

Walicheka mpaka nilipofika mbele. Afisa akaniambia, "Mama, toa mnyama." Nikanyanyua mguu wa mbele wenye bangili nyekundu, nikaupitisha dirishani.

"Habari ya asubuhi, Kulwa," dirisha likasema, wote wakasikia. "Leo ni siku yako ya homa. Pokea dawa zako za malaria. Meza baada ya kula."

Vidonge vikadondoka. Mbuzi akavinusa, akageuza uso.

Kicheko kilipanda kama moto wa mabua, kikazima vilevile. Kwa sababu Kulwa mwenyewe alikuwa amesimama pale, mkono mtupu, anapunga.

"Ni hitilafu ya bangili moja," afisa akasema. "Tutaibadilisha."

"Bangili haina hitilafu, baba. Inatenda sawasawa. Sisi ndio tunaozivaa kama tunavyovaa nguo, leo huyu kesho yule." Nikageukia foleni. Nikawaambia yote: nyekundu na nyeupe, godoro, sisimizi, ya kijani. Nikawaambia na mguu wa mama mkwe. Afisa akawa ananishika bega, mimi nasema. Halafu nikawaambia hivi ninavyokuambia wewe: "Bonyezeni. Iulizeni inamwita mtoto nani."

Hakuna aliyesogea. Kisha mama mmoja mwenye kichanga mgongoni, mwembamba, namjua, kichanga kinakohoa tangu mvua za kwanza, akabonyeza.

"Habari ya asubuhi, Ngolo," bangili ikasema.

Yule mama akaziba mdomo. Ngolo ni dada wa kile kichanga. Ngolo yuko darasa la tatu. Bangili ilimbana, akamwachia mdogo wake, kama gauni.

Na nyingine ikasema, mbele kidogo. Na nyingine kwenye mwisho wa foleni. Majina ya watoto wengine, ya waliokua, na moja, Mungu anisamehe, ya mtoto tuliyemzika mwaka jana, ikimwambia mdogo wake kwamba leo yuko mzima kabisa.

Afisa alikuwa ameacha bega langu. Alikuwa anaiangalia ya kwake mkononi.

Nesi Nkwimba akatoka ndani. Aliweka meza nje, palepale juani, mbele ya macho ya dirisha na ya afisa, akaweka kile kimashine cha zamani na kasha la sindano. Akatazama foleni.

Bibi Minza akashuka kwenye baiskeli, akajikokota, akawa wa kwanza kabisa kunyoosha kidole. Nyuma yake wakaja Kulwa na Doto, kila mmoja amekinyoosha chake, wanabishana nani atangulie.